Shokapu za nyuma kwenye gari la dragi lenye springi za mabamba: zifungwe wapi?

Shokapu ya bei ya kawaida iliyofungwa mahali pake huishinda ya bei kubwa iliyofungwa ovyo. Jambo hili linaonekana zaidi kwenye magari ya dragi (mbio fupi za kunyooka, za kuchomoka na kufika kwanza) yenye springi za mabamba nyuma, zile za mtindo wa pikapu na malori, kwa sababu springi hiyo ina kazi tatu kwa mpigo: inabeba uzito, inashika ekseli isihame, na inapokea vurugu zote za difu gari linapochomoka. Shokapu nayo inatuliza mwendo wa pale ilipofungwa tu. Ukiihamisha sentimita chache, unaipa kazi nyingine.

Ulinganisho huu ni wa mipangilio mitano: zote mbele ya ekseli, zote nyuma, moja mbele na nyingine nyuma, zilizosimama wima karibu na tairi, na zilizolazwa vichwa vikielekea katikati ya gari. Mifano ni ya Marekani maana huko ndiko mchezo ulikokulia. Camaro, Nova, Mustang na Dodge Dart za miaka ya 1960 zilitoka kiwandani na springi za mabamba, na mpaka leo zinapiga robo maili (mita 402) zikiwa nazo.

Kwanza, ujue nini kinasogea

Taa ya kijani ikiwaka na mguu ukishuka, tairi zinazungushwa kwenda mbele, na difu inasukumwa kinyume chake: pua yake, pale propela inapoingia, inataka kupanda. Kinachoizuia ni springi. Sehemu ya mbele ya mabamba inavimba kwenda juu, ya nyuma inavimba kwenda chini, na springi nzima inajikunja kama herufi S. Tairi ikiteleza kidogo tu, msokoto unaachia na difu inarudi kwa kishindo. Tairi ikishika tena, msokoto unaanza upya. Hapo tairi huanza kurukaruka, na hapo ndipo ekseli, krosi za propela na meno ya difu huvunjika. Vyuma hivyo vinaweza kuvumilia kusukumwa. Kupigwa nyundo mara kumi mfululizo ni habari nyingine.

Sasa weka shokapu kwenye picha. Chukua ncha ya chini iliyofungwa milimita 150 mbele ya katikati ya ekseli, shokapu ikiwa karibu wima. Difu ikisokota nyuzi 8, ncha hiyo inapanda kama milimita 21. Ikiwa imefungwa milimita 75 tu, inapanda kama 10. Kwa kuwa mwendo unapungua nusu na mkono wa wenzo nao unapungua nusu, uwezo wa kutuliza msokoto unashuka hadi robo. Ikiwa ncha iko chini kabisa ya katikati ya ekseli, msokoto unaibembeza kwenda mbele bila kubadilisha urefu wake kwa kiasi cha maana, kwa hiyo shokapu haijui kama difu inasokota. Mafundi wengi hukaza vitufe vya kurekebisha ugumu wa shokapu kwenye mpangilio wa namna hii wakishangaa kwa nini tairi bado zinaruka.

Ncha iliyo nyuma ya ekseli inafanya kinyume: pua ya difu ikipanda, ncha ya nyuma inashuka, shokapu inarefuka.

Zote mbele au zote nyuma

Tofauti yake hasa inatokea pale msokoto unapochanganyika na mwendo wa bodi. Kuna magari yanayochuchumaa nyuma yakichomoka, na kuna yanayonyanyuka nyuma kwa sababu vyuma vya kuzuia msokoto vinasukuma bodi juu na tairi chini. Tuseme mwendo wa bodi ni milimita 40, msokoto ni nyuzi 8, na shokapu iko milimita 150 kutoka katikati:

| Mahali pa ncha ya chini | Nyuma ikichuchumaa | Nyuma ikinyanyuka |
|---|---|---|
| Mbele ya ekseli | inabonyea mm 61 | inarefuka mm 19 |
| Chini ya katikati | inabonyea mm 40 | inarefuka mm 40 |
| Nyuma ya ekseli | inabonyea mm 19 | inarefuka mm 61 |

Soma jedwali hili pole pole, maana ndilo linaloamua. Gari linalochuchumaa lenye shokapu zote nyuma ya ekseli linazipa mwendo wa milimita 19 tu. Kitufe cha kubonyea unaweza kukizungusha mpaka mwisho usione badiliko, kwa sababu shokapu yenyewe karibu haitembei. Ukizihamishia mbele, zinatembea mara tatu zaidi na kila kliki inaonekana. Kwa gari linalonyanyuka, mambo yanageuka: ncha za nyuma ndizo zinazotembea sana na kitufe cha kurefuka kinapata nguvu.

Nyuzi 8 ni za springi isiyo na msaada wowote. Ukifunga vyuma vinavyozuia msokoto ukabaki nyuzi 2, ile milimita 21 inakuwa 5, na safu zote za jedwali zinasogea karibu na 40. Tutarudi hapo.

Kuziweka zote upande mmoja kuna kasoro isiyoonekana kwenye jedwali. Ekseli ikipanda moja kwa moja kwa sababu ya tuta dogo, shokapu zilizo mbele zinaisukuma chini zikiwa mbele ya katikati, na hapo zinainamisha pua ya difu. Ekseli ikishuka, zinainua pua. Yaani kupanda na kushuka kwa tairi kunazaa msokoto, na msokoto unazaa kupanda na kushuka. Vitu viwili vikianza kulishana hivyo, kuruka kwa tairi hakutulii, kunakua. Isitoshe, shokapu za kawaida za gari dogo huwa ngumu zaidi kurefuka kuliko kubonyea. Zikiwa zote mbele, msokoto unapopanda hauzuiwi vya kutosha, ila unapoachia ndipo unazuiwa. Zikiwa zote nyuma ni kinyume. Kila mpangilio una mlango mmoja ulioachwa wazi.

Moja mbele, moja nyuma

Mpangilio huu ulizaliwa kutokana na kasoro hiyo hiyo. Chevrolet walitoa Camaro ya kwanza, ya mwaka 1967, ikiwa na bamba moja tu kwa kila springi ya nyuma na shokapu zote mbili upande mmoja wa ekseli. Zenye injini kubwa ziliruka tairi. Kwa modeli ya 1968 walitenganisha shokapu, moja mbele na moja nyuma, na zile zenye nguvu zaidi wakazipa springi za mabamba mengi. Ford nao wakafanya hivyo kwenye Mustang yenye injini ya 428 Cobra Jet na gia nne za mkono iliyotoka katikati ya mwaka wa modeli 1968. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hakuna haja ya kutafuta Camaro: ingia chini ya Hilux nyuma, utaona shokapu moja imeinama kwenda mbele na nyingine kwenda nyuma. Toyota hawakufikiria dragi, lakini springi ni ile ile na msokoto ni ule ule.

Faida yake ni kwamba msokoto ukipanda, shokapu moja inabonyea na nyingine inarefuka, ukiachia, zinabadilishana. Ugumu wa kuzuia msokoto unalingana pande zote mbili, hata kama shokapu yenyewe ina ugumu usiolingana. Na ekseli ikipanda moja kwa moja, ya mbele inainamisha pua na ya nyuma inaiinua, zinafutana. Ule mtindo wa kulishana unakatika.

Ipi iwe mbele, ya kulia au ya kushoto? Kwenye magari haya propela inapoizungusha difu, ekseli nzima inasukumwa ilemee tairi ya kushoto na kuipunguzia uzito ya kulia. Chrysler waliliona hili ndiyo maana springi zao za dragi, za Super Stock, hazifanani kushoto na kulia. Shokapu iliyo mbele inabonyea wakati wa msokoto, kwa hiyo inasukuma ekseli chini upande wake. Iliyo nyuma inarefuka, inavuta ekseli juu upande wake. Ukiweka ya mbele kulia na ya nyuma kushoto, kwa kitambo kile kifupi cha kuchomoka inasaidia tairi inayoelekea kupoteza uzito. Ukizigeuza, unaisaidia ile ambayo haikuomba msaada. Msaada wenyewe si mkubwa, na unaisha mara msokoto unapotulia, lakini ni wa bure kama bado hujachomelea braketi.

Gharama zake: unahitaji braketi mbili tofauti na mara nyingine shokapu mbili za urefu tofauti. Upande wa nyuma, tangi la mafuta huwa jirani sana. Acha nafasi isiyopungua milimita 40 kati ya mwili wa shokapu na tangi ekseli ikiwa imening'inia na ikiwa imebanwa mpaka mwisho. Usikubali bolti yenye ncha ndefu inayoelekea kwenye tangi. Igeuze, nati ikae upande mwingine. Bomba la ekzosi ndilo linalosumbua upande wa mbele, na joto lake huharibu bushi za mpira haraka kuliko unavyodhani.

Wima, kulala, na upana

Hapa hesabu ni fupi. Shokapu iliyoinama inapoteza mara mbili: inatembea kidogo na nguvu yake inasukuma pembeni. Ikiinama nyuzi 10 kutoka wima inabaki na asilimia 97 ya kazi yake, nyuzi 20 asilimia 88, nyuzi 30 asilimia 75, na nyuzi 45 ni nusu kamili. Mpaka nyuzi 20 usijisumbue. Baada ya 30, unanunua shokapu mbili ukitumia moja na nusu.

Umbali kati ya shokapu ya kushoto na ya kulia nao unafuata kanuni hiyo. Zikiwa zimeachana milimita 1,000 na ukazisogeza ndani hadi 800, zinabaki na asilimia 64 ya uwezo wa kuzuia bodi kulalia upande mmoja. Kwa gari linaloinua gurudumu la mbele la kushoto na kulalia nyuma kulia, hilo ni pengo kubwa.

Kwa nini basi watu hulaza shokapu vichwa ndani? Tairi. Ukipanua nafasi ya magurudumu ya nyuma ili tairi pana za dragi ziingie, reli za chesisi zinasogea ndani au zinakatwa, na mahali pa asili pa kichwa cha shokapu panaliwa. Kuvuka na bomba la krosimemba (linalounganisha reli mbili za chesisi) juu ya ekseli na kufunga vichwa huko ni jibu la kawaida, na hakuna ubaya mradi pembe ibaki chini ya nyuzi 25. Pima nafasi ya tairi ikiwa na upepo wa mashindano, siyo wa safarini. Tairi laini za dragi hukunjamana ubavuni gari linapochomoka na kutanuka mzingo zikipata kasi. Acha angalau milimita 40 kati ya ubavu na kitu chochote cha chuma.

Wima karibu na tairi ndiyo bora kwa kazi, na ndiyo ngumu kupata. Ukiweza kuchomelea braketi kwenye bomba la ekseli nje ya springi, na gurudumu lina nafasi, chukua. Ila ukumbuke kuiweka ncha mbele au nyuma ya katikati kama hakuna chuma kingine kinachozuia msokoto, la sivyo umepata shokapu iliyosimama vizuri isiyojua kitu.

Neno moja kuhusu aina. Shokapu ya mirija miwili huchanganya hewa na mafuta ikilazwa sana na haifai kugeuzwa juu chini. Ya mrija mmoja yenye gesi hukubali kulazwa na kugeuzwa. Kwa mpangilio wa kulaza, lipa zaidi upate ya mrija mmoja.

Ukishafunga vyuma vya kuzuia msokoto

Hapa ndipo uchaguzi unapogawanyika hasa. Vyuma vya zamani vya kufungwa chini ya springi, vyenye mpira unaopiga jicho la mbele la springi, hupunguza msokoto lakini baada ya difu kusogea kwanza. Chrysler walitumia mpira juu ya pua ya difu unaogonga sakafu. CalTracs za Calvert Racing zinakwenda mbali zaidi: fimbo inasukuma kipande kinachozunguka kwenye jicho la mbele, nacho kinakandamiza bamba kutoka juu, hivyo msokoto wenyewe unageuzwa kuwa nguvu ya kuibana springi isivimbe.

Ukiwa na vyuma vya aina hii vilivyofungwa sawasawa, faida ya shokapu moja mbele moja nyuma inashuka sana. Msokoto umeshashikwa na chuma. Shokapu inabaki na kazi ya kutawala jinsi bodi na ekseli zinavyoachana. Hatungekata gari zuri ili kulipa mpangilio huo. Fedha ile nunua shokapu zenye vitufe viwili, kimoja cha kubonyea na kimoja cha kurefuka, uzifunge pale kiwanda kilipokusudia, na uhakikishe urefu wake.

Kuna mtego mmoja hapa. Bamba la chini la yubolti (bolti zinazobana springi kwenye ekseli) linalokuja na vyuma hivi mara nyingi lina tundu lake la shokapu, na tundu hilo halikai palepale pa bamba la zamani. Likisogea milimita 30 kwenda mbele na 20 chini, urefu wa shokapu umebadilika na ncha inaweza kugusa breki au ubavu wa tairi. Pima baada ya kufunga, usiamini picha ya kwenye boksi.

Kwa muhtasari wa uchaguzi: gari la barabarani linalokwenda dragi mwisho wa wiki, springi za kiwandani, hakuna vyuma, tairi za kawaida za kukimbilia, weka moja mbele na moja nyuma. Gari lenye CalTracs au mfano wake, acha mahali pa kiwanda na urekebishe pembe na urefu. Gari lililopanuliwa nyuma kwa tairi pana, laza vichwa ndani kwa mrija mmoja. Zote nyuma ya ekseli hatuzipendekezi kwa gari linalochuchumaa, hata kama ndiko kulikokuwa na nafasi. Na kama unashindana chini ya NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, kila gurudumu lenye springi lazima liwe na shokapu moja inayofanya kazi. Kwa madaraja yanayodai asili ya kiwanda, soma kanuni za daraja lako kabla hujawasha mashine ya kuchomelea.

Kupima na kuchomelea

Gari liwe chini kwenye magurudumu yake, dereva au mifuko ya mchanga ya uzito wake kwenye kiti, mafuta ya mbio moja, upepo wa mashindano. Pima kutoka tundu la juu hadi la chini; huo ndio urefu wa kusimama. Kisha toa shokapu, inua bodi kwa jeki mpaka ekseli ining'inie kabisa, pima tena. Ishushe mpaka mpira wa kuzuia kugonga uguse, pima mara ya tatu. Shokapu utakayonunua iwe na urefu wa mwisho unaozidi kipimo cha pili kwa milimita 12, na urefu wa kubanwa ulio mfupi kuliko kipimo cha tatu kwa milimita 12. Bila hiyo, shokapu ndiyo itakayokuwa kizuizi, na bolti yake haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Msokoto nao uujaribu. Weka jeki chini ya pua ya difu, kipima-pembe juu yake, uinue taratibu. Ukipata nyuzi 4 inatosha. Angalia kila ncha imesogea wapi, kisha zidisha kwa mbili. Hose ya breki isivutike, propela isiguse kitu.

Braketi ya kuchomelea kwenye bomba la ekseli ikatwe kwenye bamba la milimita 5 na iwe na mashavu mawili, shokapu ikae katikati. Braketi ya shavu moja huacha bolti ikining'inia na huipinda. Bolti ya nusu inchi ya daraja la 8 kwa magari haya, nati ya kujifunga. Jicho la shokapu lielekezwe ili bolti ipite kushoto kwenda kulia, maana msokoto unazunguka kwenye mhimili huo na jicho litageuka bila kubana. Ncha ya chini yenye shina na mipira badala ya jicho ndiyo hukatika: bamba la yubolti likigeuka nyuzi 8, shina linalazimika kupinda nalo, mpira unakatwa upande mmoja, na ufa unaanza pale nyuzi za bolti zinapoishia. Ukiona mpira wa chini umeliwa mbele tu, umeshaonywa.

Wakati wa kuchomelea bomba la ekseli, toa shafti za ekseli na sili kwanza. Choma vipande vya milimita 20 hadi 25, uhamie upande wa pili, subiri upoe mpaka uweze kuugusa kwa mkono, uendelee. Ukizungusha mchomo mzima kwa mkupuo mmoja bomba linajipinda, na shafti ya ekseli itakula sili na bearing bila wewe kujua sababu. Waya wa ardhi wa mashine ubane kwenye bomba lenyewe jirani na mchomo ili umeme usipite kwenye bearing. Shokapu yenye gesi isiwe imefungwa wakati huo. Anza na vidonge vinne tu vya kushikiza, rudisha springi, cheza mwendo wote juu na chini, ndipo umalize.

Usijaribu kuinua nyuma ya gari kwa shokapu za upepo wala kuvika shokapu springi ya koili ili kusaidia mabamba yaliyochoka. Mahali pa shokapu kwenye sakafu ya magari haya pamejengwa kwa kutuliza mwendo, hapajajengwa kubeba gari, na bati hupasuka kuzunguka bolti. Zile shokapu za 90/10, zinazorefuka kirahisi na kubonyea kwa shida, nazo ni za mbele, zinaacha pua ya gari ipande upesi. Nyuma hazina kazi.

Kuweka vitufe

Anza katikati ya kliki zote, pande zote mbili. Weka simu chini pembeni, mita tatu kutoka tairi ya nyuma, ipige picha za mwendo wa polepole, fremu 240 kwa sekunde, kwa sekunde moja ya kwanza. Unatazama pengo kati ya tairi na bati la juu yake, na mikunjo ya ubavu wa tairi.

Kwa gari linalonyanyuka nyuma, pengo likifunguka ghafla, tairi ikakunjamana sana kisha ikarudi na kuteleza, kurefuka ni kulaini mno: ongeza kliki mbili. Pengo lisipofunguka kabisa na tairi ikateleza tangu mwanzo, umezuia kupita kiasi: punguza mbili. Pengo likifunguka vizuri halafu likajifunga na kufunguka tena, ongeza kubonyea. Badilisha kitu kimoja kwa mbio moja, na uandike muda wa futi 60 (mita 18.3) pembeni ya namba ya kliki. Muda wa robo maili unachanganya mambo mengine mengi, usiutumie kuhukumu shokapu.

Pembe ya pua ya difu ihakikishwe kabla ya vitufe: kwa springi zisizo na vyuma, pua iinamie chini nyuzi 5 hadi 7 kulinganisha na propela, kwa kuwa msokoto utaipandisha. Ukiwa na vyuma vinavyoishika, punguza.

Kila fimbo ya shokapu uifunge kamba nyembamba ya plastiki, iguse mwili wa shokapu, kabla ya mbio ya kwanza. Baada ya mbio tatu itakuonyesha fimbo iliingia mpaka wapi. Ikiwa imebaki chini ya milimita 10 kufika mwisho, acha vitufe. Shokapu hiyo ni ndefu mno kwa mahali ilipo, au tundu limekaa karibu mno, na kazi inayofuata ni ya kupima tena kutoka tundu hadi tundu.